Kumfundisha mpokea simu za dharura: kuanzia salamu hadi gari kutoka

Mwongozo huu ni wa mkufunzi au msimamizi wa zamu aliyekabidhiwa watu wapya na kutakiwa awaandae kupokea simu za dharura na kutuma magari. Tumeuandika tukifikiria kituo cha Tanzania, ambako 112 ni namba ya polisi na dharura, 114 ni ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, na 115 ni ya gari la wagonjwa. Aliyeko 999 ya Kenya au 912 ya Rwanda atabadilisha majina ya mitaa tu, kazi ni ile ile.

Tuseme mapema tunachokiamini. Mafunzo mengi yanaharibika kwa sababu siku zinaishia kwenye maelezo ya ukutani, na sikio la mwanafunzi halijawahi kusikia mtu analia. Marekani kozi ya msingi ya mpokea simu kwa kawaida ni saa 40, na ya kushughulikia dharura za kitabibu kwa simu ni saa 24 nyingine, kabla mtu hajaanza kukaa na mzoefu. Chukua saa hizo kama kima cha chini, na nusu yake iwe simu za mazoezi. Darasa la watu zaidi ya 8 kwa mkufunzi mmoja halifai, kwa kuwa kila mmoja anatakiwa asikilizwe simu zake moja moja.

Kuchagua watu

Usimpime mtu kwa cheti peke yake. Msomee maelezo ya dakika moja na nusu, kwa kasi ya mtu mwenye haraka, yenye namba moja ya simu, majina mawili ya mahali na jina la mtu mmoja. Anachapa huku anasikiliza. Kisha msomee mengine. Anayekosea namba ya simu mara zote mbili atakosea na usiku wa manane. Angalia pia lugha. Kituo kinachohudumia Shinyanga au Mwanza kitapigiwa na bibi anayejua Kisukuma tu, hivyo ratiba ya zamu ihakikishe kuna angalau mtu mmoja anayekimudu.

Nusu dakika ya kwanza

Mpangilio hauna mjadala: mahali, namba ya simu, kilichotokea, yuko macho, anapumua. Mahali ni kwanza kwa sababu simu ikikatika baada ya hapo bado unaweza kutuma mtu. Ukianza na kilichotokea, unabaki na habari ya mtu anayekufa usijue yuko wapi.

Mwanafunzi aliyewahi kufanya kazi huduma kwa wateja atapokea hivi: "Habari, karibu kituo chetu, unaongea na fulani, nikusaidie nini?" Hapo zimekwenda sekunde 7, na mpigaji amekaribishwa asimulie tangu asubuhi. Mfundishe sentensi moja: "Dharura, uko mkoa gani, mtaa gani?"

Kuna salamu. Watu wetu husalimia hata nyumba ikiwaka, na asiyeitikiwa huona amedharauliwa, akaanza kulalamika badala ya kujibu. Dawa yake ni kuitikia kwa neno moja na kuendelea bila kupumzika: "Marahaba, mtaa gani?" Akipiga mzee na kusema "Hujambo mwanangu", jibu ni "Shikamoo mama, uko wapi?" Haizidi sekunde mbili, na inampa mpigaji utulivu ambao kumwambia "tulia" hakujawahi kuuleta.

Namba ya simu iulizwe hata kama inaonekana kwenye skrini. Wengi wanaazima simu kwa jirani au kwa dereva wa bodaboda, naye ataondoka. Swali ni hili: "Namba gani itakuwa karibu na mgonjwa?" Isome urudie kwa tarakimu tatu tatu, na simu ikikatika mpokeaji apige yeye mara moja, asisubiri kupigiwa.

Kupata mahali

Hapa ndipo pa kukaa siku nyingi kuliko popote. Mnara wa simu unaonyesha eneo pana tu, na ramani ya mpigaji inahitaji simu ya kisasa na bando. Mara nyingi utapata mahali kwa maswali.

Anza na mkoa na wilaya, kwa sababu majina yanajirudia: Majengo iko Moshi, iko Dodoma, iko Mombasa. Shuka kwenye kata, kisha mtaa au kijiji, kisha alama isiyohama. Daladala iliyoegeshwa na mama ntilie hazifai kuwa alama. Shule, kituo cha mafuta, zahanati, msikiti au kanisa lenye jina zinafaa. "Karibu na msikiti" haitoshi. Uliza msikiti unaitwaje, na ukiutazama barabara iko upande gani. Uliza kibao cha namba ya nyumba kilichowekwa katika zoezi la anwani za makazi, maana watu hukipita kila siku wakasahau kuwa kipo: "Mwambie mtoto atazame mlangoni au getini, asome namba na jina la barabara." Ikishindikana, omba jina la mwenyekiti wa mtaa. Kwenye barabara kuu uliza mji wa mwisho waliopita, wanaelekea wapi, na namba ya jiwe la kilomita lililo karibu. Uelekeo usiposemwa, gari linaweza kutumwa kutoka upande ambao foleni ya ajali tayari imeuziba.

Malizia na mtu wa kusimama barabarani. Awe mmoja, aliyetajwa, awashe tochi ya simu au apunge kitenge. Dakika nyingi zinapotea mita 200 kabla ya mlango, wakati ambapo kila mtu kituoni anadhani gari limefika.

Zoezi: kila asubuhi mpe mwanafunzi maelezo 20 ya mahali kama wapigaji wanavyoyasema, yakiwa na makosa yao, ayafikishe kwenye nukta ya ramani ndani ya sekunde 40 kila moja. Kisha mtoe nje, akae kwenye gari la wagonjwa siku mbili nzima. Mtu wa Dar es Salaam ambaye hajawahi kutoka kituoni ataangalia ramani, aone Kivukoni na Kigamboni zimekaribiana, atume gari la upande usiofaa. Maji yako katikati. Bila pantoni, gari litazunguka hadi daraja la Kigamboni. Vivyo hivyo mvua kubwa zikinyesha na Jangwani kufurika, Barabara ya Morogoro hukatika, na gari lililo karibu kwa macho linakuwa la mbali kuliko yote.

Yuko macho? Anapumua kawaida?

Majibu mawili ya "hapana" yanatosha kuanza kukandamiza kifua. American Heart Association, shirika la Marekani la afya ya moyo, imeweka kwa vituo vya simu lengo la kutambua moyo uliosimama ndani ya sekunde 90, na mkandamizo wa kwanza ndani ya sekunde 150 tangu simu ipokewe. Kinachochelewesha ni jibu la tatu: "Anapumua, anakoroma." Mtu ambaye moyo umesimama anaweza kuendelea kuvuta pumzi za mara moja moja, zenye sauti ya kukoroma au kama samaki aliyetolewa majini. Familia huiita kupumua, na mpokeaji mchanga huandika "anapumua". Hii ndiyo simu ya kurudiwa mazoezini kuliko zote. Inavyotakiwa kwenda:

0:00 – Dharura, uko mkoa gani, mtaa gani?
0:04 – Shikamoo dada, jamani baba ameanguka, njooni upesi!
0:08 – Marahaba. Mkoa gani, mtaa gani?
0:11 – Dodoma, Majengo, hapa nyuma ya soko.
0:15 – Dodoma, Majengo, nyuma ya soko. Nyumba ina kibao cha namba?
0:24 – Kipo... (anasoma).
0:30 – Simu hii itabaki na baba? Nipe namba.
0:39 – (Imerudiwa.) Ukimwita baba, anaitika?
0:43 – Haitiki kabisa!
0:45 – Anapumua kawaida?
0:48 – Anakoroma tu.
0:50 – Tazama kifua. Kila kikipanda, sema "sasa".
0:54 – Sasa...
1:04 – Gari limetumwa. Sasa mimi na wewe tunamsaidia baba. Weka simu kwenye spika. Mlaze chali sakafuni, si kitandani.

Mtu mzima hupumua mara 12 hadi 20 kwa dakika, yaani pumzi kila sekunde 3 hadi 5. Pengo likifika sekunde 10, hesabu kuwa hapumui. Angalia pia kuwa mpokeaji amesema "gari limetumwa" baada ya mratibu, yaani mtuma magari, kulituma kweli. Asiseme "dakika tano" kamwe, hata akiulizwa mara kumi.

Maelekezo ya kukandamiza yasomwe kwenye kadi, neno kwa neno: "Piga magoti pembeni yake. Weka kisigino cha kiganja katikati ya kifua, mkono wa pili juu yake. Nyoosha viwiko. Kandamiza chini sentimita 5, achia kifua kipande, tena. Hesabu kwa sauti nikusikie." Kasi ni mara 100 hadi 120 kwa dakika. Hesabu iishie nne: moja, mbili, tatu, nne, kisha moja tena. Anayeachwa aendelee hadi "kumi na moja, kumi na mbili" anapunguza kasi bila kujua, kwa sababu maneno yamekuwa marefu. Washa mdundo wa 110 kwenye simu ya pembeni. Kwa hesabu ya nne nne utapata mizunguko 27 au 28 kwa dakika. Akiwepo mtu wa pili, wabadilishane kila dakika 2. Kwa mtoto na kwa aliyetolewa majini, kupuliza hewa kuna uzito zaidi, hivyo kuwe na kadi yake peke yake.

Maneno ya mpigaji

"Ameanguka" ni neno la hatari kuliko yote kwenye meza ya simu. Ameanguka kutoka mnazini, ameanguka kifafa, ameanguka kwa sukari, au moyo umesimama. Kila mara liulizwe: ameanguka kutoka juu, au alikuwa amesimama akadondoka? Viungo vinatikisika? Kwa mjamzito, kutikisika ni kifafa cha mimba hadi ithibitike vinginevyo, na gari halisubiri maswali zaidi.

Saa nazo. Mpigaji akisema uchungu umeanza saa mbili, mfumo wa kompyuta una 08:00 na 20:00. Uliza "ya asubuhi au ya usiku?" kisha andika kwa saa 24. Kosa hapa linageuza uchungu wa saa 3 kuwa wa saa 15.

Mpigaji anayepiga kelele arudishiwe ombi lile lile, kwa maneno yale yale, kwa sauti ile ile ya chini, likiambatana na sababu: "Mama, niambie mtaa ili gari litoke." Wanafunzi wengi hubadilisha maneno kila mara wakidhani hawajaeleweka, na mpigaji anasikia maswali matano tofauti. Simu ya kimya isikatwe: "Kama huwezi kuongea, bonyeza kitufe chochote." Ukisikia mlio, endelea na maswali ya ndiyo na hapana, kwa sababu mwenye kisu anaweza kuwa chumba hicho hicho.

Kadi fupi

Nyingine hazihitaji maelezo marefu, zinahitaji kukaririwa. Kutoka damu: bana kwa kitambaa safi kwa nguvu, usiinue kuangalia; kilichochomwa ndani kibaki ndani. Kuungua: maji ya baridi yanayotiririka dakika 20, bila dawa ya meno wala mafuta. Umeme: asimguse aliyenaswa, azime kwanza swichi kuu. Gesi imevuja: asiwashe wala kuzima swichi, watoke, wapige simu wakiwa nje. Nyoka: asichanje wala kufunga kamba ya kubana, atulie, avue pete na bangili.

Kujifungua nyumbani: asivute mtoto, ampokee, amkaushe mara moja kwa kitenge kikavu, amlaze kifuani kwa mama ngozi kwa ngozi, awafunike wote wawili. Kitovu kisikatwe, kondo lisivutwe. Mama akiendelea kutoka damu nyingi, hiyo ni simu mpya kwa mratibu, daraja la juu, hata kama gari liko njiani.

Lori la mafuta limepinduka: swali la kwanza baada ya mahali ni kama watu wanachota. Msamvu, Morogoro, tarehe 10 Agosti 2019, na Sachang'wan karibu na Molo, Kenya, Januari 2009, watu zaidi ya 100 walipoteza maisha kila mahali kwa moto uliowakuta kwenye mafuta yaliyomwagika. Mpigaji aelekezwe aondoke kuelekea upande unakotoka upepo, awaambie wengine, asirudi kuchukua pikipiki. Polisi na zimamoto wapewe taarifa kwa pamoja, asisubiriwe mmoja amtaarifu mwingine.

Upande wa mratibu

Mratibu hasubiri simu iishe. Mahali na aina ya tatizo vikishachapwa, gari linatoka, na maswali yanayofuata yanaongezwa njiani. Kituo cha mtu mmoja anayefanya kazi zote mbili kifundishe kusema "Usikate, natuma gari" kabla ya kushika redio.

Kwenye redio ya upepo, bonyeza kitufe, hesabu sekunde moja, ndipo useme. Asiyesubiri hukata neno la kwanza, ambalo mara nyingi ndilo jina la gari. Mdomo uwe sentimita 5 hivi kutoka kwenye maikrofoni. Ujumbe ni mfupi: "Kituo kwa Ambulansi Mbili. Majengo, nyuma ya soko, mwanamume mtu mzima, hapumui, anakandamizwa kifua. Rudia." Dereva asiporudia mahali, ujumbe haujafika, hata kama amesema "nimekupata".

Muda sita uandikwe: simu kupokelewa, gari kupangiwa, gari kuondoka, kufika, kuondoka na mgonjwa, kufika hospitali. Pengo kati ya kupangiwa na kuondoka likizidi dakika 2, tafuta sababu: mafuta, dereva amelala, ufunguo uko kwa mtu mwingine.

Kwenye mpango wa m-mama, ambao wajawazito na watoto wachanga husafirishwa kupitia 115, ambulansi isipokuwepo karibu mratibu humpigia dereva wa jamii aliyesajiliwa, naye hulipwa kwa simu. Mratibu amuulize mambo matatu: uko wapi sasa hivi, mafuta yanatosha kwenda na kufika hospitali, na gari liko tupu? Asipojibu kwa milio 5, aende kwa wa pili kwenye orodha, kisha amjulishe wa kwanza asije.

Simu za mazoezi

Unahitaji vyumba viwili, simu mbili, kinasa sauti na saa. Kila kadi ya tukio iwe na vitu vitano: mpigaji ni nani, anajua nini, hajui nini, ana hofu kiasi gani kati ya 1 na 5, na kitu kimoja kitakachoharibika katikati (chaji inaisha, mtoto ananyang'anya simu, mpigaji anahama mahali). Kisichojulikana kiandikwe wazi, la sivyo mwigizaji atajibu kila kitu na mwanafunzi atazoea wapigaji wasiokuwepo duniani. Waigizaji wasiwe wakufunzi tu; leta wauguzi, madereva, akina mama wa mtaani. Simu 60 kwa kila mwanafunzi ni kiwango cha busara, angalau 10 kati yake za moyo uliosimama.

Baadaye anakaa na mlezi, yaani mpokea simu mzoefu, hedifoni mbili kwenye laini moja: kwanza anasikiliza tu, kisha anaongea yeye huku mlezi ana kitufe cha kuingilia. Mlezi akiingilia, asimsahihishe mbele ya mpigaji. Anachukua simu, anaimaliza, wanaisikiliza pamoja baadaye. Ruhusa ya kukaa peke yake itolewe kwa alama zilizoandikwa, na mahali kukosewa hata mara moja katika simu 10 za mwisho kunamrudisha mazoezini.

Baada ya hapo, chukua rekodi tatu za kila mtu kwa wiki, bila kuchagua, na rekodi zote za moyo na za kujifungua. Zisikilizwe na mhusika ndani ya siku 7, wakati bado anakumbuka alichokuwa anawaza. Rekodi hazitoki kituoni. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ni ya 2022 na ya Kenya ni ya 2019, na sauti ya mgonjwa kwenye kundi la WhatsApp la wafanyakazi ni kosa hata kama nia ilikuwa kujifunza.

Aliyemaliza simu ya mtoto aliyefariki atoke mezani angalau dakika 15, na msimamizi ndiye amwambie atoke. Akiachiwa aamue mwenyewe, atasema yuko sawa na kupokea inayofuata.

Mwisho, zima mfumo. Mara moja kwa mwezi, bila taarifa, fanya saa moja ya zamu ya mazoezi kwa karatasi. Droo ya kila meza iwe na fomu 50, kalamu mbili, orodha ya namba za madereva na hospitali iliyochapishwa upya mwezi huo, na ramani ya wilaya. Fomu iwe na nafasi zile zile, kwa mpangilio ule ule: mahali juu kabisa, kisha namba ya simu.